Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: majibu ya damu ya wagonjwa wa moyo yasiishie kwenye faili

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali
Mkuu wa Idara ya Magonjwa ya Moyo
Wajumbe wa Kamati ya Tiba

YAH: KUTUMIA VIASHIRIA VYA DAMU KUWATAMBUA WAGONJWA WA MOYO WALIO KATIKA HATARI YA KUFA

Waheshimiwa,

Salamu na heshima kwenu nyote. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi ipasavyo. Ninayoyaandika hapa mlishayapata kwa maandishi. Yalipitia kwa mkuu wa kitengo, yakapanda idarani, yakafika kwenye kamati, na huko yakawekwa kapuni. Kila nikifuatilia naambiwa nisubiri kikao kijacho. Wagonjwa wangu hawana muda wa kusubiri vikao, ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitaji hospitali wala mtu kwa jina, maana utaratibu ninaoulalamikia uko katika hospitali nyingi, na najua wapo wauguzi na madaktari watakaousoma waraka huu wakadhani umeandikwa kutoka wodini kwao.

Malalamiko yangu kwa kifupi ni haya: tunamtoa mgonjwa damu, maabara inaipima, majibu yanatuonyesha kwamba huyu yuko katika hatari kubwa ya kufa ndani ya miezi michache ijayo, halafu tunampa miadi ileile tunayompa mwenzake aliyetulia. Karatasi inabandikwa kwenye faili na mambo yanaishia hapo.

Kwa faida ya wasomaji wasio wa fani hii, nieleze kidogo. Kuta za moyo zinapotanuliwa kwa kuelemewa na damu, chembe za misuli yake hutengeneza protini ambayo hukatwa vipande viwili. Kimoja ni BNP, homoni inayousaidia mwili kutoa chumvi na maji na kulegeza mishipa. Kingine ni NT-proBNP, ambacho hakina kazi inayojulikana lakini hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Watafiti wa Japani waliigundua BNP mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, ingawa baadaye ilibainika kwamba chanzo chake kikuu ni moyo. Wazo la kuisoma hatari ya kifo kwenye damu lilikuwepo hata kabla ya hapo: mwaka 1984 Jay Cohn na wenzake, huko Marekani, walipima noradrenalini, homoni ya mwili ukiwa kwenye msongo, kwa wagonjwa 106 wenye ugonjwa huu sugu, wakaona kwamba waliokuwa na kiwango cha juu ndio waliotangulia kufa. Tangu hapo ushahidi umerundikana, hadi mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 ukauweka upimaji wa BNP au NT-proBNP kwa ajili ya kukadiria hatari kwenye daraja la juu kabisa la mapendekezo yake. Na huu ni ugonjwa ambao takriban nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka 5 tangu ugundulike.

Sasa niingie kwenye hoja zenyewe.

1. Kipimo kinafanyika siku ya kulazwa tu

Mgonjwa akifika anahema, miguu imevimba, tunapima NT-proBNP ili kuthibitisha kwamba tatizo ni moyo na si mapafu peke yake. Hilo ni sahihi. Lakini baada ya kulazwa, kupewa dawa za kutoa maji na kupata nafuu, anaruhusiwa bila kupimwa tena. Namba ya siku ya kuruhusiwa ndiyo inayotabiri zaidi yatakayompata akishafika nyumbani. Mgonjwa ambaye NT-proBNP yake imeshuka kwa zaidi ya asilimia 30 akiwa wodini ana matumaini makubwa kuliko yule ambaye haikushuka, au iliyopanda, hata kama wote wawili wanatembea wenyewe hadi getini na wote wanasema wamepona. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Nimewasindikiza wengi wa aina zote mbili, na nawahakikishia kwamba uvimbe kupungua miguuni hautoshi kutuambia nani atarudi na nani hatarudi kabisa.

Maelezo niliyopewa ni kwamba fomu ya maabara inaruhusu kipimo kimoja tu kwa kila kulazwa. Huo ni uamuzi wa kiutawala. Uliwekwa kwa kalamu na unaweza kuondolewa kwa kalamu.

2. Majibu hayalinganishwi

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Mama mmoja alikuja kliniki kwa miadi yake ya kawaida. Nilipofungua faili nikakuta karatasi mbili za NT-proBNP. Ya kwanza ilisoma 1,900. Ya pili, iliyochukuliwa miezi kadhaa baadaye alipopita idara nyingine, ilisoma 5,200. Moja ilikuwa imebanwa nyuma ya fomu ya ridhaa, nyingine iko kati ya karatasi za picha ya kifua. Kwenye sehemu ya daktari kuweka sahihi kwamba ameyaona majibu, karatasi zote mbili zilikuwa tupu. Nikamuuliza analalaje. Akasema siku hizi anaweka mito mitatu, na usiku anaamka kukaa kitandani apate pumzi. Hakuwa amemwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na miadi yake ilikuwa bado ni ya kila baada ya miezi mitatu.

Namba ya mara moja inasema kitu, lakini mwelekeo wa namba za mtu yuleyule unasema zaidi. BNP na NT-proBNP hupanda na kushuka kidogo hata mgonjwa akiwa ametulia, kwa hiyo badiliko dogo halipaswi kumtia mtu hofu. Kupanda kutoka 1,900 hadi 5,200 si badiliko dogo. Mtu yeyote angeziona namba hizo pembeni mwa nyingine kwenye ukurasa mmoja angeshtuka. Tatizo ni kwamba ukurasa huo haupo.

Tena kuna jambo la maabara. Kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kilipobadilishwa kutoka cha BNP kwenda cha NT-proBNP, hakuna waraka uliofika kliniki. Vipimo hivi viwili haviko kwenye mizani moja. NT-proBNP ya mgonjwa yuleyule kwa kawaida huwa juu mara kadhaa kuliko BNP yake. Daktari akisoma "BNP 400" mwezi huu na "2,400" mwezi ujao bila kutazama jina la kipimo, anaweza kudhani mgonjwa anakufa wakati hali haijabadilika. Na kwa wanaotumia dawa ya moyo yenye sakubitrili pamoja na valsatani hatari ya kuchanganyikiwa ni kubwa zaidi, kwa sababu dawa hiyo huzuia kimeng'enya cha neprilisini kinachovunja BNP. BNP inaweza kupanda kwa sababu ya dawa yenyewe, ilhali NT-proBNP, ambayo haivunjwi na kimeng'enya hicho, inaendelea kutoa picha ya kweli ya mzigo ulio juu ya moyo. Kila hospitali inayoandika dawa hiyo inapaswa kuwa imeshaamua inafuatilia kwa kipimo kipi.

3. Vipimo vya kawaida vimesheheni taarifa tusizozisoma

Hapa hakuna gharama mpya hata kidogo. Kila mgonjwa wetu anapimwa picha kamili ya damu, figo na chumvi za damu. Mwaka 2006 Wayne Levy na wenzake walitoa kikokotoo cha Seattle cha kukadiria uhai wa mgonjwa wa moyo kushindwa. Miongoni mwa vinavyoingizwa humo ni hemoglobini, asilimia ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), asidi ya yuriki, kolesteroli na sodiamu. Mwaka 2007, katika takwimu za utafiti wa CHARM wa wagonjwa wa moyo kushindwa, tofauti ya ukubwa wa chembe nyekundu, ile inayoandikwa RDW, ilionekana kuwa miongoni mwa viashiria vyenye nguvu zaidi vya kutabiri kifo. RDW inachapishwa kwenye kila karatasi ya picha ya damu. Sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mzunguko wa wodini.

4. Troponini imefungiwa kwenye mshtuko wa moyo

Kwetu troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, huagizwa mtu akilalamika maumivu ya kifua, basi. Lakini katika utafiti wa Val-HeFT, uliohusu wagonjwa wa moyo kushindwa sugu, kipimo cha zamani cha troponini T kiliiona kwa asilimia 10.4 tu ya wagonjwa, ilhali kipimo chenye usikivu wa juu kiliiona kwa asilimia 92. Maana yake misuli ya moyo ilikuwa ikiumia polepole, kimyakimya, kwa karibu kila mmoja, na aliyekuwa na kiwango kikubwa alikuwa karibu zaidi na kifo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, wa wagonjwa 9,289 wenye ugonjwa sugu, uliweka nanogramu 18 kwa lita kuwa mpaka ambao ukivukwa hatari huongezeka, hata baada ya NT-proBNP kuzingatiwa.

Mashine ya kipimo hicho tunayo. Siombi viashiria vingine vya damu kama ST2 wala galektini-3. Navifahamu, na ST2 ina sifa nzuri ya kutoyumbishwa sana na figo wala uzito wa mwili, lakini kwanza tukitendee haki kile kilichopo mezani.

5. Mgonjwa haambiwi, au anaambiwa vibaya

Wagonjwa wengi hawajui hata kama kipimo hiki kimefanyika. Wachache wanaoambiwa huambiwa korido, kwa sentensi moja: "Moyo wako namba zake ni mbaya." Mtu anarudi nyumbani na sentensi hiyo, haelewi mbaya kiasi gani wala afanye nini.

Makadirio ya hatari huhesabiwa kwa makundi. Tukisema kati ya watu 100 wenye namba kama hizi 30 hufariki ndani ya mwaka, hatujasema lolote la uhakika kuhusu aliyeketi mbele yetu. Anaweza kuwa miongoni mwa wale 70. Hilo linahitaji kuelezwa kwa utulivu, mkiwa mmeketi, pamoja na ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Wapo wasiotaka kujua, na haki yao iheshimiwe. Lakini wapo wanaotaka, kwa sababu wana watoto wa kuwapangia maisha, wana deni la kulipa, wana mtu wa kupatana naye. Tunapokaa na taarifa hiyo kwenye faili tunawanyang'anya nafasi hiyo. Naomba uongozi ulione hili kuwa kosa la kitabibu kama lilivyo kosa la kumpa mtu dawa isiyo yake.

6. Namba zisije zikageuzwa kisingizio cha kumnyima mtu huduma

Nalisema mapema kwa sababu nimeshasikia minong'ono kwamba makadirio haya yatasaidia "kuamua nani apewe kitanda". Nakataa kabisa. NT-proBNP iliyo juu ni sababu ya kumwona mgonjwa mapema zaidi na kumwongezea dawa. Mwenye hatari kubwa ndiye mwenye mengi ya kunufaika nayo. Katika PARADIGM-HF, utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa, wagonjwa walioanza na NT-proBNP ya zaidi ya 1,000 kisha ikashuka hadi 1,000 au chini walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 59 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au kulazwa kwa ajili yake, wakilinganishwa na ambao haikufika huko. Namba hubadilika, na tiba ni mojawapo ya vinavyoibadilisha.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa.

La kwanza ni kwamba utafiti ulishaonyesha kipimo hiki hakisaidii. Wanaosema hivyo wanamaanisha GUIDE-IT, uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 894 waligawanywa makundi mawili: moja dawa zake ziliongezwa kwa kuifukuzia NT-proBNP ishuke chini ya 1,000, jingine likatibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika kila kundi asilimia 37 walilazwa kwa moyo kushindwa au walifariki kwa ugonjwa wa moyo. Nayakubali matokeo hayo jinsi yalivyo. Lakini swali lililoulizwa pale lilikuwa kama kuifukuzia namba kunashinda uangalizi wa karibu wa wataalamu, na kundi la pili nalo lilipata uangalizi wa karibu mno, kiasi kwamba namba zilishuka karibu sawa kwa makundi yote mawili. Wagonjwa wetu hawana uangalizi wa aina ile. Mwenye miadi ya kila miezi mitatu hawezi kulinganishwa na kundi lolote kati ya yale.

Afadhali tutazame STRONG-HF, ya mwaka 2022, iliyofanyika katika hospitali 87 za nchi 14, zikiwemo za Afrika. Wagonjwa 1,078 waliokuwa wanaruhusiwa baada ya kulazwa waligawanywa: nusu waliongezewa dawa hadi kiwango kamili ndani ya wiki 2, wakaonwa mara kwa mara katika miezi 2 ya mwanzo, na NT-proBNP ikitumika kama mlinzi. Ikipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyokuwa kabla ya kuruhusiwa, daktari alisita kuongeza dawa ya kupunguza mapigo ya moyo na kufikiria kuongeza ya kutoa maji. Baada ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa moyo kushindwa walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya asilimia 23.3 kwa waliotibiwa kama kawaida. Hivyo ndivyo ninavyoomba kipimo kitumike.

La pili ni kwamba namba inavurugwa na mambo mengine. Ni kweli. Figo zikidhoofika inapanda, umri ukisogea inapanda, mapigo ya moyo yakiwa hayana mpangilio inapanda; na kwa mtu mnene huwa chini kuliko hali yake halisi, hivyo inaweza kutulaghai tukamwona salama. Kila muuguzi wa kliniki hii anaweza kufundishwa hayo kwa asubuhi moja. Na ndiyo sababu ya kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe badala ya kumlinganisha na jirani yake wa kitanda.

La tatu ni uhaba wa watumishi. Hatuombi watumishi wapya. Tunaomba waliopo wapangwe upya, ili anayehitaji kuonwa wiki hii asikae foleni moja na anayeweza kusubiri.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo:

Kila mgonjwa anayelazwa kwa moyo kushindwa apimwe NT-proBNP kabla ya kuruhusiwa, na namba hiyo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki ikiwa imesindikizwa na ile ya siku ya kulazwa. Maabara ibaki na kipimo kimoja, na ikilazimika kukibadilisha itoe taarifa kwa maandishi kabla ya siku ya kubadilisha. Kadi iwe na ukurasa mmoja wa kufuatilia NT-proBNP, sodiamu, kreatinini (kipimo cha figo), hemoglobini na RDW kwa tarehe, pamoja na troponini pale inapopimwa.

Ambaye NT-proBNP yake haikushuka kwa asilimia 30 akiwa wodini, na yeyote ambaye NT-proBNP yake imepanda sana kliniki, aonwe ndani ya wiki 2. Hili likishindikana kwa mengine yote, naomba hili lisishindikane.

Majibu yote yasainiwe na daktari ndani ya siku 2 za kazi, na yasiyosainiwa yafikishwe kwa mkuu wa idara kwa jina lake. Mazungumzo ya makadirio ya uhai yafanyike chumbani, na aliyefundishwa kuyafanya. Na kamati itoe tamko la maandishi kwamba makadirio haya hayatatumika kumnyima mgonjwa yeyote kitanda, dawa wala rufaa.

Nimejitolea kuisimamia orodha ya majibu ya maabara kila asubuhi kabla kliniki haijafunguliwa, bila posho, hadi utaratibu wa kudumu upatikane. Wenzangu wawili wako tayari kushirikiana nami. Tunachokosa ni idhini yenu tu.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakieleza kwa kila ombi kama limekubaliwa, limekataliwa na kwa nini, au litatekelezwa lini na nani.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi, kliniki ya moyo

Nakala: Chama cha wauguzi, wawakilishi wa wagonjwa kwenye bodi ya hospitali